Wekundu wa Jicho la Kolpayo

Jumatatu, 6 Machi 2023

Mimi Nicasio Selti, miaka themanini na moja. Mgodi wa salfa niliuona ukifunguliwa, nikauona ukifungwa. Reli yake waliing'oa chuma kwa chuma, mimi nimekaa juu ya jiwe nawaangalia. Nimezika ndugu watano, mapadri watatu, na mke mmoja, Tomasa. Huyo sitaki kumwandika leo. Baridi ya mwaka wa sabini na tisa iliua nusu ya lama wa kijiji, wanyama wetu wa sufu na mizigo. Wangu walipona. Kwa sababu ni wangu.

Fimbo: 41.

Daftari hili ni la Daktari Nélida, wa chuo kikuu kule pwani. Amechomeka fimbo yenye namba kwenye maji ya ziwa letu, Kolpayo. Nikifika na lama nasoma namba, naandika, basi. Lakini kurasa ni nyingi na namba ni fupi! Nitajaza ya kwangu. Kurasa zangu nitazichana kabla ya kumrudishia.

Kuandika nilijifunza jeshini. Miezi minane, sajini akinipiga konzi kwa kila herufi iliyoinama. Zangu haziinami tena.

Sasa jambo la akili. Mwaka huu zamu ya meza ya Ijumaa Kuu ni yangu. Wenzangu wakipata zamu wanafungua makopo ya samaki. Aibu! Mimi nimevua trauti wadogo ziwani, urefu wa kiganja, nimewabeba kwa ndoo hadi kwenye Jicho, lile bwawa la chemchemi lililo juu ya ziwa, mwendo wa nusu saa. Humo hakujawahi kuwa na samaki. Maji yake yanazama kwenye changarawe kabla hayajafika ziwani, hakuna njia ya samaki kupanda. Nimewatia kumi na mmoja. Wiki ya pili sasa. Wananenepa wenyewe, bure, hakuna mwizi, hakuna ndege wa kuwafikia. Ghala la samaki hai!

Nani mwingine angewaza hivi? Hakuna.

Na nani aliyewaleta trauti Kolpayo tangu mwanzo? Mimi huyu. Mwaka wa themanini na sita, kwa debe la maziwa mgongoni, kutoka mto wa bondeni. Siku mbili na usiku wake. Kila kijito nabadilisha maji. Arobaini waliondoka, kumi na saba walifika hai. Samaki wote wanaoliwa kijijini wametoka kwenye mgongo huu.

Alhamisi, 9 Machi

Fimbo: 41.

Daktari amekuja. Kichwa kinamuuma kwa mwinuko, uso umemtoka rangi, lakini anafanya kazi. Ana wavu mwembamba kama soksi ndefu, mwishoni kichupa. Anaukokota majini, kichupa kinajaa vidudu. Akanipa lenzi nitazame.

Vya Kolpayo: vumbi linalotembea. Vigurudumu vidogo, havina hata rangi.

Halafu akatoa kichupa kingine, alichochota kwenye Jicho mwezi wa Desemba. Wekundu! Kama pilipili ya kusaga iliyomwagwa majini. Kila mmoja ana masharubu mawili marefu anayopigia makasia. Daktari anawatazama kama mama anayetazama mtoto aliyelala.

Akaniambia hivi. Alichomeka bomba kwenye tope la ziwa, akavuta, tope likatoka limepangika kama kurasa. Kurasa za chini zimejaa mayai ya hao wekundu. Kurasa za juu hakuna kitu. Mahali yalipokoma ni kama miaka thelathini na kitu iliyopita.

"Kuna kitu kiliingia humu miaka ya themanini, mzee. Kikawala wote."

Nikacheka. "Ni mimi! Mimi ndiye niliyewaleta trauti!"

Akadhani ni utani, akacheka pia. Halafu akaacha.

"Hukujua," akasema.

Neno hilo limenichoma. Mimi nisijue! Mimi ninayejua kila jiwe la huku kwa jina.

Anasema heroe, ndege wetu wa waridi, wale waliokuwa wakitua kwa mamia, chakula chao ni hao wekundu, hata rangi yao inatoka humo. Anasema amezunguka milima yote hii na wavu wake, aina hii ya wekundu hajaiona kwingine. Jicho tu. Jicho likiwa salama, siku moja trauti watatolewa Kolpayo na wekundu watarudishwa kama mtu anavyorudisha mbegu shambani.

Kisha akanishika mkono. "Mzee Nicasio, wewe ndiye mwenye malisho ya kule juu. Nilindie Jicho. Mtu asitie samaki mle. Hata mmoja."

Nikasema: "Niachie mimi."

Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi! Lakini alikuwa amenipa cheo muda ule ule. Mlinzi wa Jicho. Nimwambieje? Upepo wa mchana ukaanza, dereva akapiga honi, wakateremka. Atarudi baada ya Pasaka.

Nitawatoa. Kumi na mmoja ni nini? Nitawatoa kesho, na itakuwa kama hawajaingia.

Ijumaa, 10 Machi

Sikusoma fimbo. Nilipita moja kwa moja hadi kwenye Jicho.

Ndoano, mafuta ya lama, unga uliokaangwa. Wanne kabla ya saa sita! Nani wa rika langu anavua wanne asubuhi moja? Wamebaki saba.

Nilipompasua wa kwanza nikashtuka. Trauti wa Kolpayo nyama yake nyeupe. Huyu nyama nyekundu kama ya nyanya. Nikajua amekula nini.

Jumatatu, 13 Machi

Fimbo: 41. Upepo. Mmoja tu.

Jumamosi, 18 Machi

Fimbo: 40. Hakuna. Wananiona. Wameshajua kivuli changu.

Maji ya Jicho yamekuwa safi. Watu wa mjini wangesema maji mazuri haya. Mwezi wa pili jua likilala ubavuni ulikuwa huoni chini, ulikuwa unaona wekundu unaozunguka polepole, kama moshi. Leo nimeona chini. Nimeona kila jiwe.

Basi nimwandike Tomasa.

Zamani Kolpayo ilikuwa hivyo yote. Januari baada ya mvua, ziwa zima linawiva. Tomasa alikuwa anachunga kule tangu msichana. Alisema ziwa limevaa. Siku nilipofika na debe langu, mabega yanatoka damu, nikamwita aje aone. Nilitaka anisifu. Akachungulia mle ndani, akaniuliza: "Hawa watakula nini?"

Nikamwambia: "Watakula maji! Wewe mwanamke maswali yako!"

Nikawamwaga. Watu walikuwepo, wakapiga makofi.

Mwaka wa nne, wa tano, ziwa halikuvaa. Heroe walipungua, kisha wakawa wanapita juu bila kutua. Tomasa akasema: "Nicasio, samaki wako wametuvua nguo." Nikasema ni jua. Nikasema ni chumvi. Nikasema anawaonea wivu samaki kwa sababu wanasifiwa! Watoto wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Hakulisema tena. Miaka ishirini na kitu hakulisema, na kila Januari alikuwa anasimama mlangoni anatazama upande ule, anarudi ndani kukanda unga.

Sikuwahi kumwuliza alikuwa anatazama nini. Nilikuwa najua.

Alhamisi, 23 Machi

Fimbo: 40. Watatu! Nimelala kifudifudi kwenye jiwe saa nne nzima, kifua kimekufa ganzi. Jumla wanane.

Jumapili, 2 Aprili

Jumapili ya Matawi. Wengine kanisani, mimi kwenye Jicho. Watatu wa mwisho! Nimetumia kipande cha pazia la zamani, nimewabana pembeni. Kumi na mmoja wametimia. Nimepiga kelele peke yangu mpaka lama wakainua vichwa.

Wote nimewapasua, nimewagandisha kwa baridi. Watakaa hadi Ijumaa.

Jioni. Kuna jambo linanikereketa. Nilipanda na ndoo mara mbili. Mara ya kwanza sita. Mara ya pili watano. Au sita?

Kichwa hiki kinakumbuka jina la kila lama niliyemfuga tangu utoto. Hakikumbuki kama ni watano au sita.

Ijumaa, 7 Aprili

Ijumaa Kuu. Meza yangu. Watu thelathini, supu ya mahindi, viazi, na trauti wangu, samaki mmoja kwa watu watatu. Hakuna kopo hata moja! Padri kijana kaomba aongezwe.

Shemeji yangu Eusebio Anza alikuwa ameketi mbele yangu. Ni kaka wa Tomasa, ana miaka sabini na sita, mtoto. Tangu ujana anafuga lama wachache kuliko wangu na kunichokoza kwa wingi. Akamfungua samaki kwa kidole gumba, akamgeuza geuza.

"Mwekundu! Shemeji, huyu umemvua wapi? Wa Kolpayo mweupe kama padri."

"Ni ufundi wa mvuvi," nikasema.

"Ufundi unapaka rangi?"

"Kula, Eusebio. Ukisema sana utakabwa na mwiba."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimla polepole, ananitazama.

Jumatano, 12 Aprili

Fimbo: 40.

Leo Daktari alipanda hadi kwenye Jicho. Kwa miguu, anapumzika kila hatua kumi, anatafuna majani ya koka niliyompa. Alikuwa na furaha. Njiani ananieleza kwamba ameandika jina langu kwenye kazi yake, Mlinzi.

Mimi nilikuwa namwomba Mungu. Siku nyingi sijamwomba.

Tulipofika alisimama. Alikuwa hajatoa hata wavu. Akasema taratibu: "Maji safi." Alivyolisema ni kama mtu anasema nyumba imeungua.

Akavuta wavu mara tatu. Kichupa cha kwanza, wekundu wanne. Cha pili, hakuna. Cha tatu, mmoja, amekatika sharubu. Kisha kitu kikaruka upande wa pili, maji yakafanya duara. Tukaona wote wawili. Ubavu unang'aa.

Wa kumi na mbili.

Akakaa chini kwenye majani, wavu mapajani. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, nimezoea wanawake wanaolia. Alikaa tu.

"Nani, mzee?"

Nikasema: "Sijui."

"Hukuona mtu?"

"Sikuona mtu."

Na hilo la pili ni kweli, maana mtu hajioni! Niliwaza hivyo pale pale, nikajiona mjanja. Mzee mzima.

Jumamosi, 15 Aprili

Mkutano wa jumuiya. Mwenyekiti ni Rubén Cruz, mtoto wa dada yangu, kijana mzuri lakini anapenda sana mihuri. Daktari alieleza habari ya Jicho. Alieleza vizuri, hata wasiojali walijali. Wanawake wazee waliokumbuka ziwa lilipokuwa linavaa walitikisa vichwa.

Rubén akauliza: "Aliyetia samaki kule juu asimame."

Hakuna aliyesimama. Na mimi nilibaki nimeketi.

Mtu mmoja nyuma akasema Jicho haliendewi na wageni, ni mtu wa hapa hapa. Mwingine: nani anavua sana? Rubén akanigeukia.

"Mjomba, wewe ndiye mlinzi. Unamshuku nani?"

Watu wote wakageuka. Wananitazama. Hapo ndipo nilipoweza kusema ni mimi.

Nikasema: "Eusebio ndiye mwenye nyavu."

Neno la kweli! Ana nyavu, kila mtu anajua. Sikuongeza kitu. Sikuhitaji.

Kelele ikaanza. Eusebio akasimama, kofia mkononi. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi.

"Nicasio. Waambie trauti wa Ijumaa Kuu walikuwa na nyama ya rangi gani."

Watu thelathini walikula! Nikangoja mmoja aseme. Wakatazama viatu vyao. Wengine pengine hawakuangalia, wengine walikuwa wameshiba kwangu. Hata padri hakuwepo.

Nikasema: "Nyeupe."

Adhabu: lama wa Eusebio wasikanyage majani ya Kolpayo hadi Agosti. Wakale upande mkavu, kwenye miiba. Rubén akaandika, akagonga muhuri.

Nimerudi nyumbani. Nimekaa na koti na kofia kitandani. Sijawasha moto.

Jumanne, 18 Aprili

Fimbo: 39.

Eusebio amehamisha lama wake. Walipita mbele ya nyumba yangu, ishirini na wawili, na jike jeupe lenye mimba nyuma kabisa. Hakunisalimu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu.

Jumatatu, 24 Aprili

Fimbo: 39. Nimekwenda kwenye Jicho na pazia. Hapatikani. Nimeona kivuli, nimetupa jiwe kama mtoto mjinga.

Ijumaa, 5 Mei

Fimbo: 39.

Rubén amekuja na barua ya Daktari, akanisomea. Ninajua kusoma, ila hakuniachia.

Anasema tusikate tamaa. Mayai ya wekundu yanalala kwenye tope la Jicho, yanaweza kulala miaka, yakaanguliwa maji yakiwa yanawafaa. Lakini samaki akibaki mle, kila atakayeanguliwa ataliwa, na mwisho tope nalo litakuwa halina kitu. Yaani kama Kolpayo. Lazima samaki atoke kabla ya Juni, kabla barafu haijafunga. Mtu mmoja hawezi. Wapande watu kumi na pampu ya jumuiya, washushe maji hadi magotini, wapite na nyavu, kisha waache chemchemi ijaze yenyewe.

"Basi pandeni!" nikasema.

Rubén akakuna shavu. "Mjomba, watu wanasema Eusebio ndiye aliyeharibu, Eusebio ndiye atengeneze. Nani atoe mafuta ya pampu na siku mbili za kazi kwa kosa la mtu?"

"Na Eusebio?"

"Anasema hakutia samaki, kwa hiyo hana samaki wa kutoa. Anasema hivyo tu. Ana kichwa kigumu kuliko chako."

Nikamwangalia kijana huyu, mtoto wa dada yangu. Kumbe kila kitu kimesimama kwenye neno langu moja. Pampu imesimama. Watu kumi wamesimama. Nikilifuta neno lile, wote wanatembea.

Nikasema: "Ngoja nifikirie."

"Ufikirie nini, Mjomba?"

"Kufikiria si kosa!" Nikamfukuza.

Jumatano, 10 Mei

Fimbo: 38. Ukingoni mwa Jicho asubuhi kuna barafu nyembamba kama kioo cha saa.

Jumapili, 14 Mei

Jike jeupe la Eusebio limezaa kabla ya wakati, huko kwenye miiba. Mtoto hakufika jioni. Mama naye hana maziwa, hali kitu.

Nimesikia kwa wanawake nje ya kanisa. Mmoja akasema, kwa kunifurahisha: "Anavuna alichopanda, si ndiyo, Mzee Nicasio?"

Nikaondoka. Nilikwenda makaburini kwa Tomasa kuondoa mchanga uliorundikwa na upepo. Nilitaka kumwambia. Nikaona nina aibu hata pale, mbele ya msalaba wa mbao! Nikamwambia habari ya lama. Nikamwambia bei ya sufu.

Jumatano, 17 Mei

Niandike yote yalivyokuwa.

Asubuhi nilipanda kwenye Jicho na ndoo mbili. Niliamua nitalitoa maji peke yangu. Mtu aliyebeba trauti siku mbili mgongoni atashindwa na bwawa? Nikavunja barafu kwa kisigino, nikaingia. Maji ya kifua. Nikaanza kuchota na kumwaga nje. Ndoo ishirini. Arobaini. Chemchemi inacheka tu, inajaza nilipotoa. Miguu sikuisikia tena. Na nikawaona: wawili! Wanazunguka miguu yangu kama mbwa wa nyumbani. Yaani walikuwa kumi na watatu. Mimi na hesabu!

Sauti ikatoka juu ya jiwe.

"Shemeji. Unaoga?"

Eusebio. Alikuwa analitafuta jike lake, lilikuwa limevuka kurudi upande wa majani mabichi. Amesimama na kamba begani, shavu limevimba kwa koka.

"Natoa samaki," nikasema. Meno yanagongana.

"Samaki wa nani?"

Nikamwaga ndoo. Nikachota nyingine. Nikamwaga.

"Wa nani, Nicasio?"

"Wangu."

Kwa mara ya kwanza nimelisema. Halikuwa zito kama nilivyodhani. Lilitoka dogo, kama la mtoto.

Akakaa. Akatafuna.

"Dada yangu alikuambia."

"Aliniambia."

"Nikakuambia mezani."

"Ndiyo."

"Mwana-lama wangu nilimfukia kwenye miiba. Ardhi ya kule ngumu, sina hata udongo wa kumfunika, nimemwekea mawe."

Nikaitupa ndoo ukingoni.

Nilijaribu kutoka, mguu haukuinuka. Nikashika majani, yakang'oka. Hapo nikaona nakufa, kwenye maji niliyopewa kuyalinda. Eusebio alinitazama muda mrefu. Mrefu kweli, naandika hivi kwa sababu najua alikuwa anapima. Kisha akatupa kamba.

"Jifunge. Nikikuacha ufe humo, watasema na wewe nimekuua mimi."

Akanivuta kama ndama. Akanivua poncho lililolowa, akanivika lake, akawasha moto wa yareta, ule mmea mgumu wa mlimani, na muda wote ananitukana, taratibu, bila kukosea neno. Ukoo wangu wote, hadi babu. Niliona raha kutukanwa.

Nikamwambia: "Eusebio, nimekosa. Nilikuwa nataka—"

"Usiniambie mimi! Mimi nilijua tangu ulipoweka sahani. Mimi ninahitaji nini maneno yako? Walionitazama kama mwizi ni wale. Kawaambie wale."

"Utakuja?"

"Pale mlangoni mwa ukumbi nilitoka kama mbwa. Sitaingia mpaka jina langu liitwe, na liitwe vizuri."

Akaondoka na kamba yake. Poncho lake ameniachia. Linanibana mabega, ni mdogo kuliko mimi.

Alhamisi, 18 Mei

Homa. Nimemtuma jirani kwa Rubén: aite mkutano, Jumamosi, mimi nina neno. Rubén amekuja mbio, anadhani nakufa na nataka kugawa lama.

"Sifi," nikamwambia. "Weka mafuta kwenye pampu."

"Mafuta ya nini, Mjomba?"

"Weka tu! Weka na watu kumi tayari kwa Jumatatu. Mkutano ukiisha wanaweza kunifukuza Kolpayo mimi na lama wangu wote, lakini Jumatatu wapande."

Akanitazama. Nadhani alianza kuelewa, maana alivua kofia, akaivaa tena, akaenda bila kuaga.

Jumamosi, 20 Mei

Fimbo sikusoma. Barafu ya Jicho, nimeambiwa na wachungaji, imefika hatua mbili kutoka ukingoni.

Ninaandika nikiwa ukumbini. Nimewahi kuliko wote, nimekaa benchi la mbele. Watu wanaingia, wanapuliza mikono. Daktari yupo, amepanda tangu jana, kichwa kimefungwa kitambaa, amenipa mkono na kuuliza Mlinzi anaendeleaje. Nimesema: "Utasikia." Amecheka. Baada ya leo sijui kama atacheka na mimi tena.

Nilikuwa nimepanga kuchana kurasa hizi. Sichani. Ulimi wangu naujua, utasimama mbele ya watu uanze kusema habari ya debe la maziwa na siku mbili za kutembea. Ukianza hivyo, nitampa Rubén daftari alisome yeye kwa sauti.

Kwa hiyo niandike wazi, herufi zisiiname. Trauti wa Kolpayo niliwaleta mimi, mke wangu akanionya. Trauti wa Jicho niliwatia mimi, mwezi wa Februari, kumi na watatu, wawili bado wamo. Nyama yao ilikuwa nyekundu. Eusebio Anza hakutia hata mmoja.

Mlangoni kuna watu wamesimama, jua liko nyuma yao, sioni nyuso. Mmoja ana kamba begani. Anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa mchungaji yeyote. Haingii.

Rubén amegonga meza.

Wa kuthibitisha haya: Daktari Nélida Ossandón, aliyemwona samaki mmoja. Rubén Cruz, aliyeandika adhabu isiyo ya haki kwa kinywa changu. Tomasa Anza angethibitisha kuliko wote. Na Eusebio Anza, kaka yake, aliyeniona nikiwa majini na akasikia neno langu. Huyo ndiye shahidi wangu mkubwa, kama atakubali. Nimesogea mwisho wa benchi. Nafasi ya mtu mmoja ipo.